Weber Inapendeza, Lakini Nilifunga SU

Kila anayefungua boneti ya MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza, hapa Lubumbashi huuliza jambo lile lile: mbona hukuweka Weber, ile kabureta ya Kiitaliano ya kuchanganya hewa na esansi (petroli)? Vijana huuliza kwa masikitiko, kana kwamba nimemnunulia bibi harusi gauni nikasahau viatu. Wameona kwenye simu zao magari ya mashindano yenye kabureta za kulala ubavuni, tarumbeta za alumini zikichungulia nje, na mngurumo ambao ungesikika kutoka Kamalondo mpaka Katuba. Nawaelewa, hata mimi niliutamani. Haya hapa ni majibu kamili kwa wote niliowajibu kwa mkato kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

Kwanza gari lenyewe. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya laki tano zilitoka pale. Kwa hiyo si gari adimu, na kwa mtu anayeishi mbali na Ulaya hiyo ni heri, maana vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo. Langu ni la miaka ya sitini, la wazi, usukani kulia, na liliingia kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Copperbelt, Zambia. Injini ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,798. Kiwandani ilitoka na kabureta mbili za Kiingereza za SU, aina ya HS4, kila moja ikiwa na mdomo wa inchi moja na nusu.

Lilipofika kwangu halikuwa na hata moja. Mtu fulani, katika ile miaka ambayo hakuna aliyejali magari ya namna hii, aling'oa SU zote mbili akafunga kabureta ya Toyota Corolla juu ya bamba la chuma alilochomelea mwenyewe. Simcheki. Gari lilitembea, na kuna watu waliokwenda kazini nalo. Lakini lilikuwa linatoa moshi mweusi, linasitasita ukikanyaga, na harufu ya esansi ilikuwa inakufuata mpaka mezani. Fundi wangu, kijana wa Kampemba ambaye masikio yake nayaamini kuliko mashine, alilisikiliza akatingisha kichwa: «Yaya, hii motere iko nakunywa esansi sana, na pumzi hapana.»

Hapo wengi hukimbilia kununua kabureta. Sisi tulianza na mambo ya bei rahisi. Platini za delko, vile vigusio vinavyokatiza umeme wa cheche, zikarudishwa kwenye nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, buji (plagi) kwenye 0.64, valvu kwenye inchi 0.015, yaani milimita 0.38 hivi. Injini ikatulia kidogo, na kwa magari mengi hadithi huishia hapo, kabureta ikaachwa kusingiziwa. Kisha, motere ikiwa inazunguka pole pole, fundi akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye kingo za lile bamba. Mzunguko ukabadilika papo hapo. Maana yake hewa ilikuwa inapenya pale bila ruhusa, na aliyefunga ile Corolla alikuwa ameongeza esansi ili kuifunika hiyo hewa. Bamba la namna hiyo halina dawa. Ikabidi tuchague kabureta.

Kuchagua kunaanzia kwenye hewa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Beira kwa asilimia 11 hivi. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, wako karibu mita 1,500, kwa hiyo kwao upungufu ni mkubwa zaidi. Injini ambayo kitabu kinaipa nguvu za farasi 95 haijawahi kuwa na farasi 95 katika mji huu hata siku moja, uifunge kabureta gani. Jambo la pili linawachanganya hata mafundi wazoefu: kabureta hairudishi esansi nyuma kwa kiwango kile kile hewa inavyopungua. Hewa ikipungua uzito kwa asilimia 11, mchanganyiko unazidi esansi kwa asilimia 5 au 6 tu, kwa sababu esansi inayovutwa kwenye koo la kabureta hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Ni kidogo, lakini ni ile kidogo inayotia masizi kwenye buji.

Wapo wanaosema SU haijali mwinuko, eti pistoni yake inajirekebisha. Nimeisikia mara nyingi, na si kweli. Ndani ya SU kuna pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa injini, na chini yake imening'inia sindano nyembamba inayozama ndani ya jikleri, kile kitundu kinachopitisha esansi. Hewa ikiwa nyingi pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa sindano ni nyembamba zaidi kuelekea ncha, tundu linaachia esansi zaidi. Ustadi mkubwa, lakini pistoni hupima tofauti ya msukumo, haina habari na uzito wa hewa. Katika mita 1,200 SU nayo inazidisha esansi kama nyingine zote. Faida yake ni kwamba kuipunguza ni kazi ya kuzungusha nati moja chini ya kabureta, na ikishindikana, kubadilisha sindano moja.

Sasa Weber. Edoardo Weber alianzisha kampuni yake Bologna, Italia, miaka ya 1920, na ile DCOE ya kulala, yenye midomo miwili, ndiyo iliyowafanya watu wa mashindano wamwimbe. Kwa MGB watu hufunga moja ya milimita 45 kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, iliyopinda kama shingo ya bata. Ndani yake kuna koo la kubadilishwa, jikleri kuu, jikleri ya hewa, mrija wa kuchanganyia, jikleri ya mzunguko wa chini na jikleri ya pampu inayomwaga esansi kila unapokanyaga. Kila kimoja kina namba yake. Kanuni ya kuanzia inajulikana: chukua kipenyo cha koo kwa milimita, zidisha kwa 4, hiyo ndiyo jikleri kuu, koo la 36 linaomba jikleri ya 145 hivi. Baada ya hapo unajaribu, unatoa, unaweka nyingine, unajaribu tena. Mtu wa Milano anatembea hadi dukani akiwa na sanduku la jikleri. Mimi kila jikleri ya shaba ningeiagiza, niingoje ipande ndege, ishuke, ipite forodha, na ikifika nigundue kwamba nilihitaji namba inayofuata.

Halafu injini yenyewe haiipendi Weber kwa moyo wote. Kichwa cha MGB kina matundu mawili tu ya kuingizia hewa kwa silinda nne: ya kwanza na ya pili zinanyonya tundu moja, ya tatu na ya nne jingine. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fuatisha kwa kidole utaona kwamba silinda ya 3 na ya 4 zinanyonya kwa kufuatana katika tundu lile lile, kisha ya 2 na ya 1 zinafanya hivyo hivyo upande wa pili. Anayetangulia na anayefuata hawapati chakula sawa. Weber nzuri kabisa kwenye injini yenye tundu moja kwa kila silinda inageuka kuwa mapatano kwenye hii. Inakimbia, sikatai, na juu kule kwenye mizunguko mingi inapumua vizuri kuliko SU. Lakini nani anafika kule kwenye barabara ya Likasi, katikati ya malori ya shaba?

Usukani wa kulia, kwa haki, unaitetea Weber kidogo. Kabureta za MGB ziko upande wa kushoto wa injini, na kwenye magari ya usukani wa kushoto ndipo breki na klachi zilipo, nafasi inabana. Langu lina uwazi wa kutosha upande ule. Nilipima kwa kipande cha boksi, ingeingia.

Kilichonifunga mdomo ni vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua za mwisho wa mwaka mji huu unavaa rangi nyekundu, na ukipita kando ya njia za migodi unavuta vitu ambavyo hata kamusi haina majina yake. Zile tarumbeta za Weber zikiwa wazi ni mdomo wa kula vumbi. Unaweza kuzivisha chujio za sponji, na hapo urembo wote uliokuwa unaulipia unafichika. SU za MGB zinakuja na makopo yao na chujio za karatasi ndani, nazo karatasi utazipata au utakata za gari jingine zikafaa. Na bado sijasema habari za nakala: Weber za bandia zimejaa sokoni. Halisi za zamani zimeandikwa Italia, za siku hizi zinatoka Uhispania; ile isiyosema inatoka wapi, na bei yake ni theluthi, iache pale ilipo.

Kuna njia ya tatu, Weber ndogo ya kusimama, ile 32/36, rahisi na ya kuaminika. Kwa mtu anayetaka gari la kwenda sokoni ningemshauri hiyo bila kusita. Mimi nilitaka MGB.

SU ni za nasaba ya kuchekesha. Zilibuniwa mwanzoni mwa karne iliyopita na ndugu wa ukoo wa Skinner, ukoo wa wauza viatu, na kabureta zao za awali zilikuwa na mfuko wa ngozi mahali ambapo leo kuna pistoni. Jina hilo sasa liko mikononi mwa Burlen wa Salisbury, na jozi mpya ya HS4 inanunulika. Bei yake ilinifanya nifunge simu nikanywe chai. Shemeji yangu anayefanya biashara Ndola akanitafutia jozi ya zamani, chafu, yenye utando wa buibui ndani ya bakuli la boya, na kutoka Uingereza nikaagiza sanduku la vitu vinavyoliwa na wakati: jikleri, sindano, mihimili, gasketi na pwanto, kile kidude kinachofunga esansi bakuli likijaa. Angalia hapo: jikleri za HS4 zina mrija wa nailoni unaotoka kwenye bakuli, na ya mbele si sawa na ya nyuma. Anayekuuzia mbili za upande mmoja amekuuzia moja.

Ugonjwa mkubwa wa SU ya zamani hauko kwenye sindano. Uko kwenye mhimili unaobeba kile kisahani cha kufungua hewa. Mhimili wa HS4 ni wa inchi 5/16, karibu milimita 7.94, na baada ya miongo kadhaa matundu yake yanakuwa ya mviringo wa yai. Ukiushika na kuutikisa unasikia unacheza. Hewa inaingia hapo, na hakuna nati itakayotuliza mzunguko. Dawa ni kutoboa upya na kuweka bushi. Na hapa, jamani, mji wetu unaipita Milano. Lubumbashi imejaa wazee waliofundishwa kukereza chuma katika karakana za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Nilimpelekea mmoja wao, amestaafu, mashine yake iko uani chini ya mwembe. Alizigeuza kabureta zangu mkononi muda mrefu bila kusema neno. Kisha: «Mtoto, hii hatutoboi upande mmoja halafu mwingine. Tunapita mara moja, moja kwa moja, pande mbili. Ukifanya nusu nusu mhimili utakwama.» Akakereza bushi za shaba nyeusi, akazipiga ndani, akapitisha kisugua kutoka ukuta hadi ukuta. Mhimili mpya ukaingia kwa kidole na haukucheza hata unywele. Nilimlipa zaidi ya alichotaja, naye akakasirika kidogo.

Kurudisha sindano kuna kipimo cha sikio. Ukishafunga kila kitu, nyanyua pistoni kwa kidole uiachie. Lazima ianguke yenyewe na igonge chini kwa mlio mkavu wa chuma. Ikitua kimya, sindano inagusa kingo za jikleri: legeza nati ya jikleri, ipe nafasi ijiweke katikati, kaza, jaribu tena. Fundi wangu aliupenda mchezo huo akaurudia mpaka nikamwambia inatosha.

Kufunga kwenyewe hakukuwa kazi ya kishujaa, ila kuna vitu vidogo vinavyoadhibu. Kati ya manifoldi na kabureta kuna vipande vya kuzuia joto, na chini kuna bamba la kinga, kwa sababu ekzosi ya MGB iko pale pale chini ya kabureta. Anayeviacha kwa kuona ni uchafu wa Waingereza, mwezi wa Oktoba ataona esansi inachemka ndani ya bakuli na gari linagoma kuwaka baada ya kusimama sokoni. Gasketi ya chujio la hewa ina matundu madogo mawili yanayopaswa kukaa sawa na matundu ya kabureta, ndiyo yanayopitisha hewa chini ya pistoni. Ukiigeuza, pistoni inakosa pumzi na utatafuta ugonjwa wiki nzima. Mirija ya kumwagia ziada ya esansi ipelekwe mbali na ekzosi, hilo halina mjadala. Na nati zote ni za inchi. Spana ya 13 inashika nati ya nusu inchi ovyo ovyo, inateleza, inazilia kona, halafu mtu analazimisha nati ya milimita kwenye boliti ya inchi na uzi unakwisha. Usikaze kwa hasira pia: masikio ya kabureta hupinda, na hewa inarudi kuingia kwa mlango mwingine.

Urekebishaji tuliufanya asubuhi, hewa ikiwa bado baridi, motere ikishapata moto wake. Jikleri zote mbili zilianza zikiwa zimelingana na sakafu ya koo, kisha nati zikashushwa pande 12, yaani mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kila upande wa nati ni sehemu ya sita ya mzunguko. Tukalegeza viungo kati ya kabureta mbili, nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma. Unasikiliza mvumo. Ukilingana, zinavuta sawa. Ipo mashine ya kupima hilo, na sikio la kijana wa Kampemba linafanya kazi ile ile bila betri.

Baada ya hapo ndipo unapotafuta mchanganyiko. Unanyanyua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, esansi imezidi. Ukianguka na motere kutaka kuzima, imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, hapo ndipo. Zetu zote mbili zilisema imezidi, kama hesabu ya mwinuko ilivyotabiri, na nati zikapandishwa. Mzunguko wa chini ukawa safi, lakini nilipotoka kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, na kuzima motere ghafla baada ya mwendo mrefu wa kasi, buji zilikuwa bado nyeusi. Nati hutawala zaidi mzunguko wa chini. Huko juu anayetawala ni umbo la sindano. Kitabu cha SU kinaipa MGB ya umri wangu sindano namba 5 kuwa ya kawaida, 6 kwa anayetaka esansi zaidi, 21 kwa anayetaka pungufu. Nikavisha 21 pamoja na springi nyekundu ile ile ya kiwanda. Safari iliyofuata buji zilirudi na rangi ya kahawia hafifu, na fundi akakunja mikono: «Sasa iko naimba.»

Pistoni ina dampa, kijiti ndani ya mafuta mepesi ya injini, kinachoizuia isiruke ukikanyaga ghafla. Mafuta yakiisha gari linasita kama lina aibu. Watu hubadilisha kabureta nzima kwa ajili ya kijiko cha mafuta.

Kilichobaki ni esansi, na hapo kabureta yoyote iko chini ya rehema ya aliyekujazia. Ukinunua kwenye chupa za Kadafi, wauza esansi wa kando ya njia, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Likiacha doa la mafuta, kuna pétrole, yaani mafuta ya taa, ndani. Maji hukaa chini kabisa ya bakuli la boya, kwa hiyo mimi hufungua mabakuli mwanzo wa mvua na mwisho wa mvua, na nimeweka chujio la kioo kabla ya pampu niweze kuona. Pampu ya MGB ni ya umeme, iko nyuma, na inagonga tik tik ukifungua swichi. Mabakuli yakijaa inanyamaza. Ikiendelea kugonga bila motere kuwaka, pwanto moja haifungi au mrija unavuja: zima swichi, funua, tafuta, kabla hujawasha kitu chochote chenye cheche.

Wenye MGB wengine wawili mjini hapa, na yule wa Triumph anayejijua, karibuni uani siku yoyote ya Jumapili baada ya ibada. Jozi ya bushi mzee anaweza kuikereza wakati mnakunywa kitu. Spana za inchi njooni nazo, zangu haziazimwi.